Moro kwa Treni: Wikiendi Yetu Bila Zamu

Mpenzi msomaji, kabla sijakupandisha treni ngoja nikuulize swali. Mara ya mwisho wewe, mwenzi wako na watoto wenu wote kutoka pamoja ilikuwa lini? Kama jibu lako ni Jumapili iliyopita, hongera. Kwetu sisi ilikuwa imepita miaka miwili na ushee.

Mara hiyo ya mwisho tulikuwa ufukweni Kigamboni. Spika zinapiga muziki, watu kibao, jua kali. Kijana wetu, wakati huo ana miaka 5, aliziba masikio kwa viganja, akajitupa mchangani na kulia mpaka sauti ikakauka. Mama mmoja aliyekuwa meza ya jirani akasema kwa sauti ya kutosha tumsikie, "Wangemchapa mapema asingekuwa hivyo." Tukakusanya vyetu. Kwenye pantoni ya kurudi Magogoni hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Kuanzia siku ile tukawa tunatoka kwa zamu. Harusi ya binamu naenda mimi, Baba Watoto anabaki na kijana. Mechi Uwanja wa Mkapa anakwenda yeye, nabaki mimi. Binti yetu mkubwa anafuatana na yeyote mwenye zamu. Hatukukaa chini kukubaliana, ilitokea tu, kama vumbi linavyojaa juu ya kabati. Siku moja binti akarudi na kazi ya shule, mchoro wa "familia yangu siku ya mapumziko". Alikuwa amechora karatasi mbili. Moja yupo na mimi, nyingine yupo na baba yake. Mwalimu akamuuliza ipi ndiyo familia. Mtoto wa miaka 11 akajibu, "Sisi ni familia ya zamu."

Aliponisimulia nilicheka. Usiku ule sikulala.

Unajua kinachouma zaidi? Mimi nina digrii ya mawasiliano. Kila mwezi nahariri kurasa zinazowafundisha watu namna ya kuongea na wenzi wao. Halafu nyumbani kwangu kuna mtu nimeshindwa kuongea naye, mwanangu wa kuzaa, na taratibu nilianza kushindwa kuongea na baba yake pia. Mazungumzo yetu yakawa ni ratiba. Nani anabaki, nani anatoka, dawa ya mafua imewekwa wapi.

VIZIBO SAKAFUNI

Kijana wetu ana usonji. Kwa ambaye neno hili ni geni, usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si mapepo, wala si malezi mabaya. Ni tofauti ya namna ubongo unavyokua, inayogusa mawasiliano, mahusiano na watu, na jinsi mtu anavyopokea sauti, mwanga au mguso. Daktari Leo Kanner aliieleza kitaalamu mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye akina mama walilaumiwa kwamba wao ndio chanzo kwa kukosa upendo. Sayansi ilishaitupa hoja hiyo. Hoja ya chanjo nayo ilitupwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba katika mtaa wako, kanisani kwako au msikitini kwako, yuko mmoja.

Wa kwangu ana miaka 7. Maneno yake ni machache. Mchezo wake ni mmoja: anapanga vizibo vya soda kwa mstari, kutoka mlangoni mpaka miguu ya kochi. Kila jioni. Mimi kila jioni nilivizoa, nikamtupia mpira: "Cheza kama wenzako." Analia. Napandisha sauti. Baba Watoto anatoka nje kupunga upepo. Ndivyo siku zetu zilivyokuwa zinaisha.

Mtaalamu mmoja wa utengamao ndiye aliyenizindua. Aliniuliza swali la kawaida tu: "Mama, umeshawahi kukaa chini ukapanga naye?"

Sikuwahi. Hata siku moja.

Akanieleza kwamba hilo si jambo la kubuni. Daktari wa Marekani, Stanley Greenspan, aliyefariki mwaka 2010, alijulikana kwa kuwahimiza wazazi washuke sakafuni, wafuate anachopenda mtoto, kisha wajenge mazungumzo kuanzia hapo. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, ambamo mzazi anafundishwa kutumia michezo na kazi za kila siku za nyumbani kumfikia mtoto. Hakuna mashine ya bei mbaya. Mzazi, mtoto na muda wao, basi.

Nikashuka sakafuni. Siku ya kwanza niliweka kizibo mwisho wa mstari, akakitoa. Siku ya pili akakitoa tena. Siku ya nne niliweka chekundu baada ya chekundu, akakiacha. Wiki ya pili akachukua kizibo akakitia kwenye kiganja changu. Jamani, nilikwenda kulia jikoni.

Tulipokaa sakafuni ndipo tulipomsikia. Muda wote alikuwa akinong'ona kitu, na sisi tuliona ni kelele tu. "Pugu. Soga. Ruvu. Ngerengere. Moro." Kumbe ule mstari ni treni! Alikuwa akiangalia video za treni ya umeme kwenye simu ya baba yake, na vituo vyote amevimeza. Ukawa mchezo wa nyumba nzima. Yeye anatangaza, "Kituo kinachofuata," sisi tunajibu. Mimi nilipewa Pugu, dada mtu Soga, Baba Watoto Ruvu. Ngerengere ni yake mwenyewe, usimguse.

Kwa hiyo msomaji, safari hii hatukuchagua sisi. Yeye ndiye aliyechagua.

TUNAPANDA

Haikuwa rahisi kumshawishi Baba Watoto. "Kigamboni hapatoshi, unataka tukaaibike na Moro?" Nikamwambia tutajiandaa, na mambo yakiharibika tunageuza na treni ya jioni bila kulaumiana. Hilo la mwisho ndilo lililomlainisha.

Tulijiandaa wiki tatu. Jumamosi mbili tulikwenda tu nje ya kituo kikuu Dar, tukaangalia jengo na watu wanaoingia, tukarudi. Nikatengeneza kijitabu cha picha za simu, nikazichapisha steshenari: hapa tunapanga foleni, hapa mzigo unapita kwenye mashine, hapa tunakaa, hapa tunashuka. Hadithi za aina hii zilianzishwa na mwalimu wa Marekani, Carol Gray, miaka ya 1990, na kazi yake ni moja tu, kumpunguzia mtoto mshtuko. Kariakoo tukapata vile vifunika masikio vinavyovaliwa na mafundi. Ndani ya fulana nikashona kitambaa chenye namba zetu za simu.

Tiketi za daraja la kawaida zilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, watoto nusu yake. Tulichagua Jumamosi ya katikati ya Agosti 2025, msongamano wa Nane Nane ukiwa umepita. Tulichukua treni ya asubuhi, kwa sababu asubuhi ndiyo saa yake nzuri.

Kama hujapanda bado, nikuambie. Treni hii ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 14, 2024. Inatumia umeme, inaweza kufikia kilomita 160 kwa saa, na Moro unafika ndani ya saa mbili. Ukikumbuka saa nne na zaidi za basi, foleni ya Kibaha na Chalinze, utaelewa kwa nini watu wanaipenda. Mimi niliipenda kwa sababu nyingine. Haina honi za hovyo, haina kondakta anayepiga bodi, haina muziki wa kulazimishwa. Kwa mtoto ambaye kila sauti inaingia kichwani kama msumari, hicho ni kitu kikubwa.

Kwenye foleni ya ukaguzi alianza kuyumba huku na huku, mikono inapiga hewa. Nikaona watu wameanza kugeuka. Dada mtu akafungua kijitabu. "Picha ya pili. Bado tatu." Akatulia. Nikamwangalia mume wangu, naye akaniangalia. Tulikuwa hatujaangaliana hivyo kitambo.

Treni ikaondoka, ikapita juu ya mji, mapaa ya mabati chini yetu. Kijana alibandika paji la uso kwenye kioo. Tulipokaribia Pugu akatangaza kabla ya spika: "Kituo kinachofuata, Pugu!" Sauti safi kabisa. Mzee wa kiti cha mbele, mwenye kofia ya kiua, akageuka. Nikajikaza kusikia ya Kigamboni. Mzee akasema, "Mjukuu wangu, na baada ya Pugu?" "Soga!" "Na baada ya Soga?" Wakaendelea hivyo mpaka Ngerengere. Mpaka leo yule mzee hajui alichotufanyia.

MJI KASORO BAHARI

Morogoro wanaiita mji kasoro bahari. Ukishuka utaelewa kwa nini. Milima ya Uluguru imesimama nyuma ya mji kama ukuta wa kijani, na kilele cha Lupanga kinazidi mita 2,100. Agosti kuna kaubaridi asubuhi na ukungu unakaa kileleni kama kilemba. Akina mama wa Kiluguru wanateremka na matenga ya matunda. Huu ni mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na Baba Watoto, ambaye baba yake alikuwa na santuri zao, alianza kupiga mluzi tukiwa kwenye bajaji. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu anapiga mluzi.

Maji yanayoteremka Uluguru yanaingia mto Ruvu, na mto Ruvu ndio unaowanywesha wakazi wengi wa Dar. Nilimweleza binti. Akasema, "Kwa hiyo sisi tumekuja kwenye bomba." Sawa, mwanangu.

Baada ya kuacha mizigo kwenye nyumba ndogo ya wageni tuliyoichagua kwa sababu haina baa, tulikwenda bustani moja ya mapumziko chini ya mlima, penye miti mikubwa, mawe makubwa kuliko gari, na kijito kinachopita katikati. Kijana alivua viatu mwenyewe. Akaketi maji yanapomfika kifundo cha mguu, akaanza kupanga mawe. Tukaketi naye wote. Hakukuwa na mtu wa kusema "twende kule kwenye bembea". Baba Watoto, meneja mzima mwenye watu 20 chini yake, alikunja suruali akawa anatafuta mawe bapa. Chipsi kavu zikaja, kwa sababu huyu bwana hali kingine akiwa ugenini, na sisi tukaagiza kuku na ndizi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilitaka picha ya watu wanne, ile ambayo binti alishindwa kuchora. Nikainuka kumwomba dada mmoja atupige, nikamwonyesha simu, tukacheka kidogo. Baba Watoto alidhani niko na kijana. Mimi nilidhani yuko naye. Nilipogeuka, mawe yalikuwepo kwa mstari. Yeye hakuwepo.

Naomba nikueleze kitu ambacho kila mzazi wa mtoto mwenye usonji anakijua. Wengi wa watoto hawa hupotea ghafla, na wengi wanapenda maji. Kuzama ni moja ya sababu kuu zinazowaua wanapopotea. Nililijua hilo. Nililisoma. Nikasimama pale na simu mkononi, naangalia mahali kijito kinapofanya kidimbwi nyuma ya mawe, na miguu haisogei.

Baba Watoto alikimbilia chini kwenye kidimbwi, akaingia maji mpaka kiunoni. Mimi nikaanza kumwita kwa jina. Kwa jina haitiki, hajawahi. Nikaendelea kuita hivyo hivyo. Binti akanishika mkono. "Mama, siyo hivyo." Akapanda juu ya jiwe, akatangaza kwa sauti yote:

"Kituo kinachofuata!"

Kimya. Maji yanapita. Akarudia.

"Kituo kinachofuata!"

Ikatoka sauti nyuma ya mti, upande wa juu, mbali na kidimbwi. "Ngerengere."

Alikuwa amechuchumaa kati ya mizizi, anaangalia sisimizi wamejipanga mstari. Zilipita dakika tatu, labda nne. Baba yake alifika amelowa chapachapa, akapiga magoti pembeni yake. Hakumnyanyua wala hakumgombeza, aliangalia sisimizi pamoja naye. Mabega yake yakawa yanatetemeka. Sijawahi kumwona mume wangu akilia, hata kwenye msiba wa mama yake. Dada wa watu alikuwa bado ameshika simu yangu. Picha tuliyo nayo ni ile: watu wanne tumechuchumaa, migongo kwenye kamera, mmoja amelowa.

BARAZANI, SAA TATU USIKU

Usiku ule watoto walilala mapema. Sisi tukakaa barazani na chai ya tangawizi. Nilingoja anilaumu. Nami nilikuwa na maneno yangu tayari, kwamba na yeye hakuangalia. Akaniambia, "Mama Watoto, zamu ndiyo iliyotuponza." Nikamuuliza kivipi. Akasema kwa miaka miwili kila mmoja amezoea kwamba akiwepo mwenzake, yeye amepumzika. Tumesahau kulea tukiwa wawili. "Tulipokaa wote, kila mtu alidhani ni zamu ya mwenzake."

Tukaongea mpaka saa sita. Aliniambia ya Kigamboni, kwamba hakumwogopa yule mama, alijiogopa yeye mwenyewe, maana kwa sekunde moja alikubaliana naye. Nami nikamwambia nilivyokuwa nafurahia zamu zangu za kutoka, na nilivyojichukia kwa kufurahia. Ni mambo ambayo huwezi kuyasema ukiwa mlangoni unamkabidhi mwenzako mtoto. Yanahitaji kikao na giza kidogo.

Kabla ya kulala tukaweka sheria moja. Anayemwangalia kijana anasema kwa mdomo, "Ninaye." Akitaka kupumzika anasema, "Mchukue," na haondoki mpaka mwenzake ajibu, "Ninaye." Maneno mawili tu. Tunayatumia mpaka leo, hata sokoni.

Nisikudanganye kwamba tulirudi na mtoto mwingine. Jumapili treni ilikuwa imejaa, kuna mtoto mchanga alilia kuanzia Ruvu, na wa kwetu akavurugika kati ya Soga na Pugu. Aliangusha maji, akapiga kiti kwa miguu. Watu waliangalia. Baba Watoto akasimama, akasema kwa utulivu, "Samahanini ndugu zangu, kijana wetu ana usonji, kelele zinamwumiza, atatulia." Akakaa. Dada mmoja akatuachia kiti cha dirishani. Kijana mwingine alinuna mpaka Dar. Ndiyo maisha. Ila hakuna aliyesema turudi kwenye zamu.

KABLA HAMJAFUNGA MIZIGO

Kama nyumbani kwenu au kwa ndugu yenu kuna mtoto kama wetu, haya ndiyo niliyojifunza.

Anzeni na anachopenda yeye. Kama ni feni, maji au magari, humo ndimo mlango ulimo. Safari ijengwe kuzunguka hicho, na nyinyi mtajikuta mnaburudika pia.

Fanyeni mazoezi. Nendeni mkapaone mahali mara moja au mbili bila kuingia. Pigeni picha, mtengenezee kijitabu.

Chagueni saa na siku ya watu wachache, na nyumba isiyo na muziki.

Bebeni anachokula, hata kama wageni watashangaa. Likizo si siku ya kumfundisha kula mchicha.

Penye maji, mtu mzima mmoja awe naye umbali wa mkono, na aseme kwa sauti kwamba anaye. Picha zisubiri.

Kaka na dada zake wapeni nafasi yao pia. Jumapili asubuhi, kijana akiwa bado usingizini na baba yake, mimi na binti tulikwenda wawili sokoni kula machungwa. Hiyo nayo ni zamu, lakini zamu ya kuchagua, siyo ya kukimbiana.

Na wewe ambaye mtoto wako hana usonji, siku ukikutana nasi kwenye treni, usitushauri kiboko. Muulize tu, "Na baada ya Pugu?"

Nyumbani mstari wa vizibo bado upo, kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi. Wiki iliyopita ulivuka kochi ukaingia korido. Tulipomsikiliza vizuri tukasikia ameongeza vituo: Mkata, Kilosa, Kidete. Baba Watoto ameshaelewa, ameanza kuulizia nauli ya Dodoma.

Safari njema.